Usiache Mbachao: Juu ya Kuvisha Meno Kauri



 Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo miaka ya nyuma hakuna aliyetujia kutuuliza, na ambalo mwaka huu limetubishia hodi zaidi ya mara moja. Nalo ni kuvisha meno kauri.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri alitujia mama mmoja wa mtaa wetu, amefuatana na binti yake wa miaka 23. Binti alikuwa ameshika ncha ya mtandio mbele ya kinywa chake, nasi tukadhani ni haya. Mama akatoa karatasi ndani ya mkoba. Harusi ya binti ilikuwa imebakisha miezi mitatu, na kliniki moja ya mjini ilikuwa imewaandikia hesabu: meno 8 ya mbele ya juu yavishwe kauri, kila jino shilingi 40,000, jumla shilingi 320,000. Mama alikuwa tayari kwenda kwa sonara kuuza bangili zake za dhahabu, alizorithi kwa marehemu mama yake. Swali lake lilikuwa fupi: "Sheikh, yafaa ama haifai?"

Twakiri mbele yenu kwamba tulimjibu papo hapo. Tulisema haifai, huko ni kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu. Tukamtajia hadithi, tukamuusia azitunze bangili za mama yake, na tukadhani tumemaliza. Mama akainamisha kichwa. Aliyezungumza ni binti, tena kwa adabu.

"Samahani, Sheikh. Umbile lipi hilo? Meno yangu ya utotoni yalikuwa meupe. Haya ya pili yameota na rangi hii kwa maji ya kisima tuliyokuwa tukinywa Naivasha, baba alipokuwa na kazi huko. Mdogo wangu wa mwisho amezaliwa tumesharudi Mombasa, na meno yake hayana kitu. Tumbo ni moja na damu ni moja. Sasa lililoumbwa na Mungu ni lipi, na lililoletwa na kisima ni lipi?"

Kisha akaushusha mtandio. Meno ya mbele yalikuwa na madoa ya hudhurungi, na mawili ya katikati yalikuwa na vishimo vidogo mfano wa chuma kilicholiwa na kutu. Akasema kwamba tangu alipokuwa darasa la sita hajapata kucheka bila ya mkono mdomoni. Hakulia, wala hakutaka tumhurumie. Alitaka jibu.

Walimu wetu wa madrasa, Mwenyezi Mungu awarehemu, walitufundisha kwamba hukumu ya kitu hutanguliwa na kukifahamu kitu chenyewe. Nasi siku ile tulihukumu kabla ya kufahamu. Tukawaomba radhi wote wawili, tukawaomba pia wiki moja. Tuliyoyapata katika wiki hiyo, kwa vitabu vyetu na kwa daktari wa meno, ndiyo tunayowaletea leo, kwa kuwa twajua mama yule na binti yake hawako peke yao.

KAURI YENYEWE NI NINI

Daktari mmoja wa meno, Mwislamu tunayesali naye safu moja, alitupa saa nzima ya wakati wake. Alitutilia kiganjani kigamba kimoja cha kauri, chembamba kama ukucha. Madaktari huviita vinia. Aghalabu unene wake ni kama nusu milimita. Hugandishwa kwa gundi maalumu juu ya uso wa mbele wa jino, mfano wa kigae cha marumaru kinavyogandishwa ukutani. Si jino la bandia, wala si ile kofia inayolifunika jino zima. Ni uso tu, na nyuma yake jino lako mwenyewe lipo.

Asili ya jambo hili ina mazingatio. Mwaka 1928 daktari mmoja wa California, Marekani, jina lake Charles Pincus, alikuwa akiwatengenezea waigizaji wa sinema vigamba vya kuficha kasoro za meno yao mbele ya kamera. Vilishikizwa kwa muda tu, na kazi ya kupiga picha ilipokwisha vilivuliwa. Mwaka 1955 mtaalamu mwengine wa Marekani, Michael Buonocore, akaonyesha kwamba jino likipakwa asidi uso wake hukwaruzika kidogo sana, na gundi ikapata pa kushika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 elimu hiyo ikatumiwa kwa kauri, na tangu hapo kigamba kikawa cha kudumu. Basi kilichoanza kuwa vazi la saa chache, la kuvaliwa na kuvuliwa, leo kimekuwa kitu ambacho mtu akishakivaa havui tena.

Na hapo ndipo lilipo jambo kubwa, ambalo daktari alilirudia mara tatu. Ili kigamba kikae vizuri bila ya jino kuonekana nene, daktari hana budi aghalabu kulichonga jino lenyewe kwanza, kiasi cha nusu milimita. Kinachochongwa ni enameli, yaani lile gome jeupe la nje. Enameli ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu, kigumu kuliko hata mfupa. Walakini haina uhai wa kujirudisha. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikikatika hupona, nywele zikinyolewa huota. Enameli ikiondoka imeondoka mpaka kaburini. Jino lililochongwa litahitaji kufunikwa maisha yake yote.

Kauri nayo haidumu milele. Aghalabu hukaa miaka 10 hadi 15, nyengine zaidi, kisha huvunjika, hubanduka, au ufizi hurudi nyuma na ukingo wake ukaonekana. Ndipo hutolewa na kuvishwa nyengine. Tulipiga hesabu pamoja. Binti wa miaka 23, Mwenyezi Mungu akimpa umri wa miaka 70, atavishwa upya mara tatu au nne. Zile shilingi 320,000 zilikuwa ni za safari ya kwanza tu.

Tulipotoka kwa daktari tulikumbuka maneno ya wazee wetu: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wako ni enameli yako. Huenda umechakaa, huenda una doa, lakini ni wako na hauna wa pili. Anayeamua kuuacha na awe na sababu inayotosha.

SHERIA YETU YASEMAJE

Hadithi tuliyomtajia mama yule ni sahihi, imepokewa na Abdullah bin Mas'ud (R.A.) na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim. Ndani yake wamelaaniwa wanawake wanaotengeneza mianya katika meno yao kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha umbile la Mwenyezi Mungu. Wanavyuoni wameeleza kwamba wanawake wa zama zile, walipopevuka umri, walikuwa wakichonga meno ili yaachane kidogo na waonekane wasichana wadogo.

Hebu tulizingatie hilo kwa macho ya Pwani. Sisi Waswahili tangu jadi mwanya twauhesabu kuwa ni pambo, na mwenye mwanya husifiwa mpaka akaona haya. Leo wapo mabinti wanaokwenda kuuziba mwanya huo huo kwa kauri, kwa sababu picha za simu zimewaambia kwamba meno mazuri ni yaliyobanana kama ukuta na kuwa meupe kama karatasi. Zamani walichonga ili wapate mwanya, leo wanachonga ili wauondoe. Mtindo umegeuka, na kitendo ni kile kile cha kukata kilicho kizima ili kufuata macho ya watu. Na mtindo utageuka tena, ilhali enameli hairudi.

Lakini Imam Nawawi, naye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Imam Shafi, alipoisherehesha hadithi hii alilisimamia lile neno la "kwa ajili ya uzuri". Alibainisha kwamba katazo ni la anayefanya hivyo kutafuta uzuri, na kwamba anayehitajia kwa matibabu au kwa ila iliyo katika jino hana makosa. Hapa ndipo tulipojikwaa siku ile. Tuliisoma hadithi tukalisahau sharti lake.

Tena tunayo hadithi ya sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Pua yake ilikatwa vitani kabla ya Uislamu, akavaa pua ya fedha, ikanuka. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha avae pua ya dhahabu. Nanyi mwajua kwamba dhahabu kwa wanaume imeharamishwa. Ikiwa haja ya kuondoa ila ilihalalisha dhahabu usoni mwa mwanamume, basi hatuna sababu ya kuwa wagumu kwa binti aliyeharibiwa meno na maji ya kisima. Na katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilipambanua vivyo hivyo: kurekebisha ila inayomdhuru mtu mwilini au nafsini kumeruhusiwa, na kulibadilisha umbile lililo sawa kwa kufuata matamanio na kuiga watu kumekatazwa.

Basi swali la Sheria ni hili: je, ipo ila? Na swali la daktari, bila ya yeye kujua, ni hilo hilo: je, ipo sababu ya kulichonga jino hili? Elimu mbili zimekutana mlango mmoja. Jino zima, lenye rangi ya kawaida ya meno ya binadamu ambayo si nyeupe kama chaki, twamuusia mwenyewe aliache. Jino lililovunjika, lililoliwa, lililoota vibaya au lililobadilika rangi kwa maradhi, mlango wake uko wazi. Na baina ya hayo mawili yapo yenye shaka, ambayo yataka mtu aulize kabla ya kuingia.

MASWALI YA KUJIULIZA

Dada yetu, mwanetu, kabla hujakubali siku ya kuchongwa, kaa na nafsi yako ujiulize haya.

La kwanza, ni nani aliyekwambia meno yako ni mabaya? Tulipomuuliza mama yule, ilidhihirika kwamba mchumba hakupata kusema neno. Aliyesema ni shangazi wa mchumba, siku ya posa, tena kwa mzaha. Mwili ni amana uliyopewa wewe, na utaulizwa wewe. Usiuchonge kwa mzaha wa shangazi wa mtu.

La pili, kinywa chako ni kizima? Fizi zinazotoka damu, jino lenye tundu na ukoga uliogandana yote hutibiwa kwanza. Kauri juu ya jino bovu ni ule uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Daktari anayekupangia kauri bila ya kuzitazama fizi na kupiga picha ya mizizi, toka kwake.

La tatu, wasaga meno usingizini? Wauma kucha, wavunja barafu au kokwa kwa meno? Kauri ni ngumu lakini ni ya kuvunjika, na mwenye mazoea hayo huipasua upesi. Ikipasuka hairekebishwi kama kijazo, aghalabu hutengenezwa upya. Na ndugu zetu wanaume wanaotafuna mirungi, pamoja na nyanya zetu wa tambuu, wajue kwamba ukingo wa kauri na fizi hazitasalimika na mazoea hayo.

La nne, umejaribu njia nyepesi? Daktari alitupangia ngazi, nasi twaipanga hapa kama alivyoipanga. Ya chini kabisa ni kusafishwa meno na daktari, kwani madoa mengi ya chai, kahawa na tambuu yako juu ya jino tu. Inayofuata ni kung'arishwa kwa dawa chini ya uangalizi wake, ambako hakuchongi kitu. Kisha kuna kusuguliwa kwa dawa inayoondoa tabaka dogo mno la juu, na hii huwafaa wengi wenye madoa ya madini ya floridi. Kisha kuna resini yenye rangi ya jino, ambayo huzibia kishimo au pembe iliyovunjika kwa ziara moja, aghalabu bila ya kuchonga sana. Haidumu kama kauri, lakini hurekebishika. Meno yaliyopinda yana nyaya zake za kuyanyoosha. Kauri iko juu kabisa ya ngazi hiyo, na mwenye busara hapandi kwa kuruka vidato. Tena mpangilio una maana yake: dawa ya kung'arisha haibadilishi rangi ya kauri, kwa hivyo anayetaka yote mawili hung'arisha kwanza.

Na tunapotaja njia nyepesi hatukusudii mkaa, ndimu na magadi. Mkaa hukwaruza na ndimu hula, na vyote viwili vinakula enameli ile ile tunayoililia.

La tano, fedha zatoka wapi? Kauri hapa kwetu hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi kwa jino moja. Mwenye uwezo na haja halaumiwi. Lakini wapo wanaokopa kwa simu na kulipa pamoja na riba ili wacheke vizuri siku ya harusi. Kuondoa doa la jino kwa kujitia doa la riba ni biashara ya hasara duniani na akhera.

La sita, nani atakayekufanyia? Muulize kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, yaani KMPDC, na usione haya kuuliza. Akikwambia meno yatavishwa saluni au nyumbani kwa bei ya chini, kimbia. Muulize pia atachonga kiasi gani, na akuonyeshe. Watu wengi wa Uingereza wamesafiri Uturuki kwa bei nafuu wakidhani wanavishwa vigamba, wakarudi meno yamechongwa yakabaki kama vigingi na kuvishwa kofia nzima. Mwanamke wa Kiislamu atafute daktari mwanamke akipatikana. Asipopatikana, aende na mahram wake au asikae faragha na daktari, kwani tiba ni haja na adabu haiondoki.

IBADA ZETU

Akina mama wametuuliza: mwenye kauri atawadha vipi, na ataoga vipi janaba au hedhi? Katika madhehebu yetu ya Shafi, kusukutua maji mdomoni ni suna katika udhu na katika josho pia. Kauri iliyogandishwa haivunji chochote, wala mtu hatakiwi kuibandua. Hata kwa wale wanaowajibisha kusukutua, wanavyuoni wengi wa zama hizi wanaihesabu kuwa imeshakuwa sehemu ya jino. Sukutua kama kawaida yako.

Na kuhusu saumu, Baraza la Fiqhi lilipokutana Jedda mwaka 1997 liliamua kwamba kuchimba jino, kung'oa na kusafisha hakufunguzi maadamu mtu amejihadhari asimeze kitu. Lakini hili si jambo la dharura. Twamuusia anayelihitaji aliweke baada ya Ramadhani, asije akaingiza shaka katika saumu yake kwa maji yaliyompitia kooni.

Na siwaki yetu tusiisahau. Mtume (S.A.W.) aliihimiza hata akakaribia kuifanya faradhi kwa kila sala, isipokuwa alihofia kuwatia umma wake katika mashaka. Mwenye kauri hujikinga kwa mswaki laini wa brashi na uzi wa kupitisha kati ya meno, na siwaki aitumie kwa upole kwenye fizi. Asiye na kauri na atumie siwaki yake, huenda hiyo ikamuepusha na kauri.

YALIYOKUWA YA BINTI YULE

Wiki ilipotimia walirudi. Tulimwambia binti kwamba tulikosea, kwamba madoa yake ni ila na hana makosa kuyaondoa, na kwamba ikiwa kauri ndiyo itakayofaa basi imeruhusiwa kwake. Kisha tukampa maneno ya daktari, aanze chini ya ngazi. Tulimweleza pia kwamba maradhi yake yajulikana. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita kiasi, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi hapo wakati meno yake ya pili yangali yakijengwa ndani ya ufizi, yaani kabla ya miaka 8 hivi, huota meno yaliyokwisha kutiwa doa. Hakuwa mchafu, wala mama yake hakupuuza kumpigisha mswaki. Aliposikia hilo, mama ndiye aliyejifuta machozi, kwa kuwa miaka yote hiyo alidhani kosa ni lake.

Twawaomba basi wazazi mlio na kazi au jamaa huko bara, mkiwa na watoto wadogo, ulizeni juu ya maji kabla ya kuuliza juu ya meno. Kuyachemsha hakuondoi floridi. Tafuteni maji ya mvua au yaliyosafishwa kwa chujio la madini hayo.

Binti akaenda kwa daktari yule. Alisuguliwa kwa dawa mara tatu na kung'arishwa, na madoa ya hudhurungi yakafifia mpaka yakawa ya kutafutwa. Yale meno mawili yenye vishimo yalizibwa kwa resini. Hakuna jino lililochongwa kwa ajili ya kauri. Daktari alimwambia kwamba resini ile huenda ikahitaji kufanywa upya baada ya miaka kadhaa, na siku itakaposhindikana kauri ya meno mawili ingalipo. Nasi twasema hivyo hivyo, rukhsa yetu kwake haijafungwa. Bangili iliyokwenda kwa sonara ni moja tu.

Ndoa tuliifungisha sisi. Mchumba, alipoambiwa na wazee wake habari ya meno, alijibu kwamba aliyaona siku ya kwanza na akaposa akiyajua. Na upande wa wanawake sisi hatukuuona, ila mama watoto wetu aliyehudhuria kupambwa ametuhadithia. Nyote mwajua kwamba bi harusi wa Kiswahili hutakiwa akae ameinamisha macho, asitabasamu, sembuse kucheka. Huyu alicheka. Alicheka waziwazi, mikono yake yenye hina ikiwa imetulia mapajani, mpaka somo wake akamfinya anyamaze.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kumtabasamia nduguyo ni sadaka. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watoaji wa sadaka hiyo, kila mtu kwa meno aliyonayo, yaliyopangana na yenye mwanya, meupe na yenye rangi. Awaponye wenye maradhi, awape subira na hekima wenye kuamua, na atusamehe sisi tunaojibu kabla ya kusikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.